Kaka anaitikia "ndiyo" kwa kila swali: kuomba tathmini ya PIP inayomfaa asiyeweza kujieleza

Swali: Kaka yangu ana miaka 52, naishi naye hapa Uingereza na ana ukaazi wa kudumu. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia umerudi kiasi, lakini maneno yamepotea. Kiingereza kimekwenda karibu chote, Kiswahili kimebaki vipande vipande. Tulijaza fomu ya PIP, yale malipo ya serikali kwa mwenye ulemavu, na sasa imekuja barua kwamba atapigiwa simu ya tathmini baada ya siku kumi na saba. Simu! Mtu huyu ukimuuliza kama amekula anasema ndiyo, ukimuuliza kama hajala anasema ndiyo. Je, niombe kuongea mimi badala yake? Au niombe nini?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Kwa kuwa siku zako zinahesabika, nianze na la haraka: usiombe kumjibia. Omba namna ya tathmini ibadilishwe, na uombe leo hii, kwanza kwa simu kisha kwa maandishi. Mwombaji ni yeye, si wewe, na kinachopimwa ni jinsi yeye anavyowasiliana. Ukimjibia kila kitu vizuri, utakuwa umeuziba ule ulemavu uliowaleta hapo.

Namba ya kupiga ni ile iliyo kwenye barua ya miadi, yaani ya kampuni inayofanya tathmini. Watu wengi hukimbilia DWP, wizara ya kazi na pensheni, wakazungushwa nusu siku. DWP ndiyo inayoamua mwishoni, lakini ratiba, mkalimani, chumba na muda viko mikononi mwa kampuni iliyopewa mkataba katika eneo lenu. Piga huku kaka ameketi kando yako, kwa sababu wataomba kumsikia akikuruhusu uzungumze. Mweleze mapema, kwa utaratibu, mnapiga kwa ajili ya nini. Akitamka "ndiyo" moja tu kwenye simu, safari hii itakuwa ndiyo ya kweli. Sikushauri ukimbilie kujiandikisha kama mwakilishi wake rasmi wa mafao, yule anayeitwa appointee. Hiyo ni kwa mtu asiyeweza kabisa kusimamia madai yake mwenyewe. Afasia, yaani kupotewa na lugha kwa sababu ya kuumia ubongo kama huku kwa kaka, huondoa maneno, haiondoi akili, na nimeona wagonjwa waliolia kwa kuona ndugu zao wamewatia saini ya kwamba hawajiwezi.

Haki yako ya kuomba mabadiliko haya inatoka kwenye Sheria ya Usawa ya 2010, inayotumika England, Wales na Scotland. Inawataka watoa huduma na wanaofanya kazi za umma wamwondolee mlemavu vikwazo vinavyomweka mahali pabaya kuliko wengine. Kwa Kiingereza huitwa reasonable adjustments. Maneno hayo yaandike hivyohivyo kwenye barua yako, kwa sababu ukiyataja, ombi lako linaacha kuwa "mteja anataka kubadilisha miadi" na kuwa ombi la kisheria linalotakiwa kujibiwa. Tofauti hiyo ina uzito: miadi ya PIP kwa kawaida hubadilishwa mara moja tu, na hutaki mara yako hiyo iandikwe bila sababu yake.

Sasa, uombe nini hasa? Hapa ndipo barua nyingi ninazozisoma huharibika. Mtu anaandika, "Naomba kaka yangu asaidiwe kwa kuwa ana shida ya kuongea." Karani wa miadi akisoma hivyo anaona kitu kimoja tu: mkalimani. Anaweka mkalimani, tathmini inabaki ileile ya simu. Ni lazima utaje jambo mojamoja, na kila jambo ulifungie sababu yake. Mimi ningeandika kwa Kiingereza barua yenye maudhui haya:

"Ndugu yangu ana afasia iliyotokana na kiharusi. Hawezi kufanya tathmini kwa simu. Asipouona uso wa anayeuliza, na asipoonyeshwa neno lililoandikwa au picha, hashiki swali. Hujibu ndiyo kwa maswali mengi hata anapokusudia siyo, na kwenye simu hakuna atakayeona kichwa chake kikikataa. Naomba kwanza mwangalie kama ripoti nilizoambatisha zinatosha kuamua bila mahojiano. Zisipotosha, naomba mahojiano ya ana kwa ana katika chumba kisicho na kelele, muda wa ziada na mapumziko, maswali mafupi yanayoulizwa moja baada ya jingine, mkalimani mmoja wa Kiswahili atakayeelezwa mapema kuhusu afasia, mtathmini mwenye uzoefu wa wagonjwa wa kiharusi ikiwezekana, na mimi niwepo kama msindikizaji wake. Naomba pia mahojiano yarekodiwe. Tafadhali nijibuni kwa maandishi kabla ya tarehe ya miadi."

Juu weka jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Bima ya Taifa na tarehe ya miadi. Ukurasa mmoja unatosha.

Ombi la kwanza kabisa, la kuamuliwa kwa karatasi, watu huliruka wakidhani halipo. Lipo. Mtathmini akiona ushahidi umeshiba, anaweza kuandika ripoti yake bila kumwita mtu. Kwa mgonjwa wa afasia, karatasi yenye nguvu kuliko zote ni ripoti ya mtaalamu wa tiba ya lugha na usemi, yule aliyemfanyia mazoezi ya maneno hospitalini au nyumbani. Daktari wa familia ataandika "kiharusi, afasia" basi, maneno mawili. Mtaalamu wa usemi ataandika kwamba mgonjwa anafuata agizo la hatua moja lakini si la hatua mbili, kwamba majibu yake ya ndiyo na siyo hayaaminiki, na kwamba kutafuta neno moja humchukua muda fulani. Hayo ndiyo yanayolingana na vipimo vya PIP. Mpigie mtaalamu huyo kesho asubuhi, mwombe ripoti, au hata nakala ya ile ya kufunga matibabu kama alishamaliza naye.

Nikueleze vipimo vyenyewe, kwa sababu ukivijua utajua kwa nini nakazania mkalimani. PIP ina sehemu mbili, maisha ya kila siku na mwendo. Katika kila sehemu, pointi 8 humpa mtu kiwango cha kawaida na pointi 12 kiwango cha juu. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26, sehemu ya maisha ya kila siku ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida, na 110.40 kwa kile cha juu. Kipimo cha kuwasiliana kwa mdomo kinatenganisha habari nyepesi na habari nzito. Habari nyepesi ni sentensi moja rahisi: "Chai iko tayari." Habari nzito ni sentensi zaidi ya moja, au moja yenye mafundo: "Mvua ikinyesha kesho usiende kwa basi la saa tatu, ngoja la saa nne." Anayehitaji msaada wa mawasiliano kwa zile nzito tu hupata pointi 4. Anayehitaji msaada hata kwa "chai iko tayari" hupata 8, na kwa hizo peke yake tayari ameshaingia. Asiyeweza kueleza wala kuelewa kabisa, hata kwa msaada, hupata 12.

Shika hili sana: kanuni za PIP za 2013 zinasema habari hiyo inapimwa katika lugha ya asili ya mwombaji. Kutojua Kiingereza hakuna pointi hata moja. Kwa hiyo kila mahali ulipoandika kwenye fomu "haelewi Kiingereza", mtathmini amesoma na kupita. Kinachohesabika ni kwamba haelewi Kiswahili, lugha aliyolelewa nayo na mama yenu. Lisemeni hilo waziwazi, maana Mwingereza akiona mtu mweusi anatafuta neno, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ni mgeni wa lugha. Andika kwenye barua: tatizo hili liko katika Kiswahili, lugha yake ya kwanza. Na hilo la kwamba lugha moja imeondoka zaidi ya nyingine si ajabu. Kwa watu wa lugha mbili, kiharusi kinaweza kuziathiri kwa viwango tofauti na zikarudi kwa mwendo tofauti. Mtaalamu wa usemi anaweza kulithibitisha kwa sentensi moja.

Sasa mkalimani. Kampuni inapaswa kukuletea, na hulipi. Ndugu huweza kukubaliwa kutafsiri, lakini usijitolee, na nitakuambia kwa nini kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimsindikiza mzee mmoja mwenye afasia, na mkalimani hakutokea, nikasema nitatafsiri mimi. Mtathmini akauliza hujitengenezeaje kinywaji. Mzee akasema, "Ile... ile ya... ile ya moto, unatia, unatia ile, aah," huku anazungusha mkono hewani. Mimi nikageuka nikasema kwa Kiingereza, kwa ufasaha wote, kwamba huwasha birika, hutia maji na kusubiri yachemke. Nilimwelewa, si uongo. Ripoti ilipokuja ilikuwa imeandikwa kwamba mwombaji alieleza hatua za kutengeneza chai kwa mpangilio na bila taabu. Tuliyaondoa hayo baadaye kwa shida kubwa, na lawama ilikuwa yangu.

Mkalimani mzuri naye ana ugonjwa huohuo: amefundishwa kutoa sentensi safi. Mwenye afasia akitoa vipande, yeye anaviunga bila kukusudia. Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza, mwombe mtathmini amwelekeze mkalimani atafsiri kila kitu kama kilivyo, pamoja na maneno yaliyokosewa, yaliyokatika na yasiyo na maana, na pale asipoelewa aseme sikuelewa, asibahatishe. Kama kaka anakusudia kisu akatamka "kiatu", kwa Kiingereza kitoke kiatu. Ndiyo maana nimekuambia pia uombe kurekodiwa. Ikitokea ubishi baadaye, sauti yake itakuwapo, na mtu mwingine wa Kiswahili anaweza kuisikiliza upya.

Na wewe utakaa pale kama nani? Miongozo ya tathmini inaruhusu msindikizaji na inamruhusu azungumze, ila si kuchukua nafasi ya mwombaji. Utaratibu ninaowafundisha watu ni huu. Swali liulizwe kwake. Ukimya uwepo. Najua ni mgumu, sisi tumelelewa kumsitiri mgonjwa wetu asiaibike mbele ya watu, na sekunde kumi za ndugu yako kuhangaika na neno ni ndefu kuliko mwezi. Lakini mficha uchi hazai, na chumba hicho ni mahali pa kuonyesha. Akishajaribu, useme wewe: "Amesema ndiyo, lakini si kweli. Hebu muulize kinyume chake." Mtathmini atauliza kinyume, kaka atasema ndiyo tena, na hapo huna haja ya kuongeza neno. Baada ya hapo eleza jinsi mambo yalivyo nyumbani: unamwonyesha vikombe viwili achague, unaandika majina ya watoto kwenye karatasi ili aonyeshe kwa kidole anamtaka nani. Sheria inautambua msaada wa mtu aliyezoea kuwasiliana na mgonjwa wa namna hiyo, si lazima awe na cheti. Msaada huo ni wewe, na kueleza unachofanya kila siku ni kueleza kipimo chenyewe.

Usisahau kwamba afasia inagusa vipimo vingine pia: kusoma, kushughulika na watu ana kwa ana, kupanga matumizi ya pesa, na katika sehemu ya mwendo, kupanga na kufuata safari. Kanuni pia zinadai jambo lifanyike kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiwa kila inapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu huo. Kaka akitumia dakika sita kukuambia kwamba kichwa kinamuuma, kwa hesabu ya kanuni hajaweza, hata kama mwishowe alisema. Kwa siku hizi kumi na saba weka daftari jikoni na uandike mambo ya aina hiyo yakitokea: siku, saa, alitaka kusema nini, kilitoka nini, ilichukua dakika ngapi, iliishaje. Mistari miwili mitatu kwa siku inatosha. Ukurasa wa "Jumanne saa mbili usiku alitaka dawa ya presha, akasema 'mlango' mara nne, akaanza kulia" unamsaidia mtathmini kuliko aya tatu za "anateseka sana".

Tuseme wamekataa, au siku imekaribia na hawajajibu. Watake sababu kwa maandishi, na malalamiko dhidi ya kampuni yapelekwe siku hiyohiyo, nakala kwa DWP. Ofisi iliyo karibu ya Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, inaweza kuwapigia, na mbunge wa eneo lenu pia. Msicheke, barua ya ofisi ya mbunge hufungua milango kwa kasi ya ajabu. Lakini simu ikilia siku hiyo, pokeeni. Kosa kubwa ni kukasirika na kutopokea, maana kutohudhuria bila sababu nzuri kunaweza kuyafunga madai yote. Sababu inayotokana na ulemavu wake huzingatiwa, ila kwa nini uanze kujitetea? Pokea, mpe kaka simu, mwache ajibu maswali mawili matatu. Kisha sema: "Umesikia mwenyewe, hawezi kuendelea kwa njia hii. Tuliomba marekebisho tarehe fulani. Naomba uandike kwamba tumeshiriki na kwamba simu haikumfaa, mpange ana kwa ana." Andika jina la mtathmini na saa. Na kama miadi mipya itapangwa, wanatakiwa wakupe taarifa ya angalau siku saba, isipokuwa mkikubaliana siku pungufu ya hizo.

Kwa ziara ya nyumbani, huwa wanataka barua ya daktari inayosema kwa nini hawezi kutoka. Kama kaka anatoka kwenda kliniki bila shida, usiing'ang'anie; kituo chenye chumba tulivu kinatosha, na ombi moja lisilo na msingi hulegeza mengine yote.

Wasomaji wengine wenye jambo linalofanana na hili: kiziwi anayetumia lugha ya alama aombe mkalimani wa lugha hiyo, mwenye usonji aombe kuletewa maelezo ya mada na mpangilio wa siku mapema, mwenye kigugumizi kikali aombe muda na asikatizwe. Njia ya kuomba ni ileile. Walioko Scotland hawako kwenye PIP siku hizi, wana Malipo ya Ulemavu ya Watu Wazima chini ya Social Security Scotland, yenye taratibu zake. Na yeyote ambaye viza yake imeandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma asiombe kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji, kwa sababu PIP imo kwenye fedha hizo na ombi linaweza kumharibia makaratasi.

Turudi kwako. Baada ya tathmini, subiri wiki mbili hivi kisha piga DWP uombe nakala ya ripoti ya mtathmini. Isome ukiwa na daftari lako mkononi. Tafuta sentensi za namna ya "alijibu maswali yote" au "alielewa bila kurudiwa", ndizo zinazoua pointi. Uamuzi ukija mbaya, mna mwezi mmoja kuomba mapitio ya lazima, utayaona kwenye barua kwa jina la mandatory reconsideration, na mapitio yakikataliwa, mwezi mwingine kukata rufaa kwenye baraza huru. Watu huchoka baada ya mapitio, wakaacha. Msiache hapo, barazani mtakaa mbele ya watu wasiofanya kazi DWP, na kaka ataonekana kwa macho. Ukifika huko, funga karatasi zako kwa mpangilio: ripoti ya mtaalamu wa usemi, daftari, ripoti ya mtathmini yenye mistari uliyoipigia alama, na juu kabisa nakala ya barua unayoituma leo, yenye tarehe, inayoonyesha mliwaambia mapema kwamba njia ile haitamfaa, na kwa nini.